Mti Uliozaa Keki Nyeupe

Sogeeni, lakini msikae kwa starehe sana. Hadithi hii haitaki kuitikiwa, inataka kubishiwa. Mwenye usingizi na alale sasa hivi, kabla sijaanza, maana mwishoni nitamwamsha nimuulize swali.

Palikuwa na wanawake watatu Makorora, mjini Tanga, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Shamsa, na kipaji chake kilikuwa jicho. Kitu akikiona mara moja, hata kwa kupita tu, kimekwisha ingia. Angeweza kukichora mwaka mmoja baadaye pamoja na mikunjo yake. Alikuwa anasoma chuo, na kila alipokuja likizo nyumba ilipata kelele, kwa sababu hakuwa na kitu alichokiacha kipite bila kukihoji.

Wa pili ni Bi Tausi, na kipaji chake kilikuwa mikono. Hakuwa na mizani wala kikombe cha kupimia. Alidondosha kaimati kwenye mafuta huku anagombana na mtu dirishani, na kaimati zote zilitoka sawasawa kama shanga za tasbihi.

Wa tatu ni Mama Naetwe, na kipaji chake kilikuwa utulivu. Nyumba ikishika moto, wenzake wakipiga mayowe, yeye angeuliza kwanza ndoo iko wapi. Aliuza barafu za ukwaju na za maziwa kutoka kwenye friza kubwa lililokaa barazani kwake, na watoto wa mtaa waliapa kwamba hata viganja vyake vilikuwa vya baridi.

Katikati ya hao watatu, kitandani, nyuma ya pazia la maua ya bluu, alilala Zuwena na binti yake wa siku thelathini na tatu.

Shamsa alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Bi Tausi alikuwa mama yake mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, aliyetoka Pangani na kikapu na mkeka kuja kumwangalia mzazi mpaka arobaini iishe. Mama Naetwe hakuwa ndugu. Alikuwa Mpare wa Same, Jumapili yuko kanisani, na kilichomuunganisha na nyumba ile kilikuwa ukuta mmoja na miaka kumi na mmoja ya kuombana chumvi.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo ule, maana kesi yote imesimama hapo. Jina la cheti mtoto alikwisha pewa siku ya saba. Baba yake alilichagua akiwa kazini Mtwara. Sitawatajia, halitatusaidia, jina la cheti hukaa kabatini pamoja na cheti. Jina lenye kazi ni la pili, la kuitiwa, nalo hutolewa siku ya arobaini. Mama humnong'oneza mtoto sikioni mara tatu, kisha hulitamka mbele ya watu, na likishatamkwa halibadilishwi. Ndilo utakaloitwa ukichelewa kurudi nyumbani. Ndilo utakalotongozewa. Ndilo utakaloliliwa siku ya kuondoka. Na mama mwenyewe haruhusiwi kulibuni. Lazima alipokee kwa mtu. Mtu mmoja.

Zuwena siku hizo aliishi nusu ndani ya usingizi. Mtoto alikuwa ananyonya kila mara, moshi wa udi ulikuwa unazunguka chumbani polepole, na jua likipita kwenye pazia liliufanya ukuta uwe wa bluu, kama dunia aionavyo mtu aliye chini ya maji. Hakujua tena lini yuko macho na lini amelala. Basi adhuhuri moja aliota.

Aliota yuko chumbani mle mle, pazia lile lile. Pembeni mwa kitanda umeota mti usio na majani, kimo chake kama cha mtoto wa miaka mitatu. Kila tawi lina matunda meupe ya mviringo, na kila tunda limesimama juu ya kikonyo kilichonyooka. Akachuma moja. Lilikuwa la baridi. Akauma, na ndani hamna kokwa, mna keki. Keki ya iliki. Na mtoto wake, ambaye kwa kweli hata shingo haijakaza, akaketi mkekani, akaunyooshea mti kidole, akatamka jina lake mwenyewe. Zuwena alilisikia waziwazi, kama unavyosikia kijiko kikigonga bilauri.

Alipoamka ladha ilikuwa bado mdomoni. Jina lilikuwa limeondoka.

"Mti!" alisema, macho yamefumba nusu. "Jamani, mti wa keki! Atakayeniletea mti ule, yeye ndiye atakayempa mwanangu jina."

Walikuwepo wote watatu. Shamsa alikuwa anakunja nepi. Bi Tausi alikuwa ameshika bakuli la supu ya pweza. Mama Naetwe alikuwa dirishani, amekuja kurudisha ungo.

"Mzazi anaota njaa," Bi Tausi alisema. "Kunywa supu."

Lakini neno lilikwisha sikika. Na tangu siku ile, mmoja mmoja, walianza kuja kukaa ukingoni mwa kitanda.

Bi Tausi alikuja na maji ya moto ya kumkandia. Alimkanda mgongo kimya, na hicho peke yake kilikuwa kioja, Bi Tausi kukaa kimya. Kisha akasema, "Mwanamvua."

Lilikuwa jina la marehemu mama yake Zuwena.

"Miaka sita silitamki jina la dada yangu bila kuanza na marehemu. Marehemu hivi, marehemu vile. Nimechoka. Nataka nilitamke kwa hasira, mwanangu. Nisimame uani nipige kelele, Mwanamvua we, toka matopeni! Basi. Sitaki kingine."

Shamsa alikuja na chai ya tangawizi, akainywa mwenyewe kwa kujisahau.

"Wifi, mimi jina ninalo. Azma. Nimeuliza pande zote mbili, hakuna aliyewahi kuitwa hivyo. Mtoto aanze na jina ambalo hakuna mtu aliyekwisha kufa nalo. Mimi nilipewa la bibi. Tangu nizaliwe naambiwa Shamsa wa kwanza hakuwa mbishi, Shamsa wa kwanza alikuwa hajibu wakubwa. Wamejuaje kama hakuwa mbishi? Labda hakuna aliyemnyamazia akasema! Nimevaa nguo ya mtu miaka ishirini na mbili, na kila siku naambiwa imenibana kwa makosa yangu. Usimfanyie huyu."

Mama Naetwe hakuingia ndani. Alisimama dirishani kama kawaida yake, mkono juu ya nondo.

"Zuwena, mtaa mzima mnaniita Mama Naetwe. Wewe unamjua Naetwe?"

Zuwena alitahayari. Miaka yote alidhani Naetwe ni msichana mkubwa, yuko Same kwa bibi yake.

"Alikaa siku ishirini na tisa," Mama Naetwe alisema. "Hakuiona arobaini. Naitwa kwa jina lake kutwa mara mia, na hakuna wa kuitika." Akaitazama supu iliyokuwa juu ya kigoda. "Haya, kunywa. Inapoa."

Akaondoka. Zuwena akawa ameshika bakuli, anautazama ukuta wa bluu.

Ikafika asubuhi ya arobaini. Wageni walikuwa waje baada ya swala ya alasiri. Zuwena alikuwa bado nyuma ya pazia, maana mzazi hatoki mpaka wageni wafike, kwa hiyo yote haya aliyapata kwa masikio na kwa pua, huku usingizi ukimchukua na kumrudisha.

Sikilizeni alichofanya Shamsa. Siku zile saba wenzake walidhani mti ule ni wazimu wa uzazi. Yeye alikaa akautafuta ndani ya kichwa chake mpaka akaupata. "Wifi aliota keki za vijiti!" alipiga kelele uani. "Niliziona kwenye mahafali ya watu. Nilipita tu mlangoni, sikualikwa. Keki inavunjwavunjwa, inafinyangwa duara, inachomekwa kijiti, inachovywa kwenye chokoleti nyeupe." Akageuza kalenda ya mwaka jana akauchora mti wote: tawi kavu la mpera ndani ya ndoo ya mchanga, vijiti vya mishikaki vimefungiwa kwa uzi mweupe, hatua kwa hatua, moja hadi tisa. Chokoleti alikwenda kuitafuta mwenyewe madukani, akairudisha imefungwa kwenye taulo la maji isiyeyuke njiani. Bila jicho lile, Zuwena angeletewa sinia la keki ya kawaida na kuambiwa ashukuru.

Sikilizeni alichofanya Bi Tausi. Alipalia mkaa juu na mkaa chini, akaoka keki ya iliki iliyonukia mpaka barabarani. Aliposomewa hatua ya pili alisimama.

"Niivunje?"

"Ivunje, Bi Tausi. Iwe chenga."

"Keki nzima, imeumuka hivi, mimi mwenyewe niichambue kama kuku wa tambiko? Sasa nimeoka nini?"

"Soma mchoro, mama."

"Mchoro! Mchoro unaliwa?"

Lakini aliivunja. Zuwena alimsikia akiiomba keki radhi kwa sauti ya chini. Akaikanda na maziwa mazito ya kopo, akafinyanga vidonge sitini, na hata mtu angekuja na mizani ya sonara asingepata kimoja kilichomzidi mwenzake. Bila mikono ile mchoro ungebaki kalenda.

Hapo Shamsa akatoka kwenda kukata tawi la mpera, akakawia huko, maana kila tawi halikufanana na lile aliloliona kichwani. Na huku nyuma chokoleti ikayeyuka juu ya maji ya moto, ikawa nzito. Sasa, Bi Tausi ni mtu wa shira. Miaka arobaini ya kaimati na visheti imemfundisha jambo moja: shira ikikaza, inyunyizie maji, italegea. Hakufikiri hata. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye kata, ukanyunyiza.

Chokoleti ikashtuka. Ikakunjamana, ikawa mchanga mbichi. Akanyunyiza tena, ikazidi. Akageukia vidonge alivyokwisha chomeka vijiti, navyo, kwa joto la jiko, vilikuwa vinateremka taratibu, kimoja kimoja, kama watu wanaoshuka ngazi bila kutaka kuonekana.

Nyuma ya pazia Zuwena aliamshwa na kimya. Bi Tausi kukaa kimya mara ya pili ndani ya wiki moja! Akajua mti wake unakauka.

"Hodi humu."

Sikilizeni alichofanya Mama Naetwe. Aliitazama sufuria, akavitazama vidonge, akauliza, "Mafuta ya nazi ya mtoto yako wapi?" Alichukua yale aliyoyachemsha Bi Tausi mwenyewe kwa ajili ya kumpaka mtoto, akayatia kijiko kimoja, akakoroga. Kijiko cha pili, akakoroga. "Huyu hataki maji hata tone," alisema, kama anayemtambulisha mtu. "Mwenzake ni mafuta." Alikuwa akichovya barafu za maziwa kwenye chokoleti kila msimu wa shule, alikuwa anajua. Mchanga ukalainika, ukang'aa. Kisha akavuka ukutani, akafungua friza, akatoa barafu zote, za ukwaju na za maziwa, akaziweka barazani, akawaita watoto wa mtaa. "Kuleni. Leo friza lina mgeni." Ndiyo biashara yake ya siku nzima, imekwenda kwa dakika tano. Vidonge, vimechomolewa vijiti, vikakaa baridini mpaka vikawa vigumu kama kokoto. Alivirudisha adhuhuri, akaonyesha kwamba kijiti hutangulia kuchovya ncha kwenye chokoleti ndipo kiingie, nacho hakitoki tena. Akavizamisha vyote, akavipitisha kwa friza mara ya pili. Bila utulivu ule mti ungekuwa uji.

Shamsa akarudi na tawi. Akavifunga na Bi Tausi, uzi kwa uzi, kila tunda limesimama wima juu ya kikonyo chake. Walipomaliza wakarudi nyuma hatua tatu, na hata Bi Tausi akafunika mdomo kwa khanga.

Kisha wakaanza.

"Haya, mti wangu huo," Shamsa alisema.

"Wako? Umeshika unga leo wewe? Nyoosha vidole tuone."

"Na wewe ulitia maji, Bi Tausi! Ungeuua!"

"Na wewe ulikuwa wapi nikitia? Saa nzima unachagua kuni za mpera kama unachagua mchumba!"

"Ningekuwepo ningekwambia."

"Ungeniambia! Niliivunja keki yangu kwa mdomo wako. Mikono ni ya nani?"

Mama Naetwe alikuwa anaosha sufuria. Shangazi mmoja wa mume, aliyewahi kufika na kuketi karibu na mlango wa jiko, akamsema yeye. "Mbishane ninyi wawili. Jirani ni jirani, Mungu amlipe, lakini jina ni jambo la ukoo."

Hapo Shamsa alipandwa. Kumbukeni, huyu jirani alikuwa mshindani wake. Angenyamaza angepunguza mmoja. Hakuweza.

"Kumbe! Alipokuwa anamwaga friza lake hamkumuuliza ukoo? Basi shangazi, utakapokula, utemee ubaridi pembeni, umeze keki tu. Huo ubaridi si wa ukoo."

"Kelele wee, mtoto wa chuo."

"Sinyamazi! Kazi mnaitaka, mwenye kazi hamumtaki."

"Shamsa," Mama Naetwe alisema bila kugeuka, "nipe hiyo kata nisuuze."

Zuwena aliyasikia yote. Aliifumba mikono juu ya mgongo mdogo wa mtoto na kuomba jambo moja tu: kwamba akiuma tunda lile jina alilolisikia ndotoni litarudi, liwe moja kati ya yale matatu, na yeye asiwe na lawama.

Alasiri ikaswaliwa. Wageni wakajaa sebuleni, mkeka kwa mkeka. Pazia la bluu likafunguliwa, na mti ukaingizwa chumbani, Shamsa amekamata ndoo upande huu, Bi Tausi upande huu, na Mama Naetwe nyuma, ameshika tawi lisiyumbe. Nuru iliyopita dirishani iliyafanya matunda yawe na rangi ya maziwa usiku wa mwezi. Zuwena hakuwa na hakika kama ameamka. Mti ulikuwa ule ule. Kimo kile kile. Tawi la chini lilikuwa limepinda kushoto kama la ndotoni, na hilo hakumwambia mtu.

Akachuma moja. Kwanza likaja umbo, duara kamili kati ya vidole, hilo ni la Shamsa. Kisha ubaridi ukamgusa meno, huo ni wa Mama Naetwe. Ganda likapasuka, tik, na iliki ikamjaa kinywani, hiyo ni ya Bi Tausi. Akafumba macho. Akasubiri jina.

Halikuja. Zilikuja ladha tatu kwa pamoja, zimeshikana kiasi kwamba hakuweza kuinyanyua moja bila nyingine kuja nayo.

Alipofumbua macho, mtoto alikuwa anautazama mti. Siku arobaini, na macho yametulia juu ya tunda moja, midomo imejikunja kama ya mtu anayetaka kusema.

"Haya, mama," shangazi akaita kutoka mlangoni, "mnong'oneze tusikie. Watu wanangoja."

Zuwena akamwinua mtoto, akasogeza midomo kwenye sikio lile dogo. Bi Tausi alikuwa amekamata ncha ya khanga kwa mikono yote miwili. Shamsa alikuwa ameikazia macho midomo ya wifi yake. Mama Naetwe alikuwa amerudi dirishani, nje, mkono juu ya nondo, mahali anapokaa siku zote.

Na mimi namwacha hapo hapo Zuwena, amevuta pumzi na hajaitoa.

Ninyi mliokaa hapa mmesikia ushahidi. Msiniambie wagawane, keki huvunjwa chenga, jina halivunjwi. Msiniambie apewe yote matatu; mtoto akiitwa kwa majina matatu ataitika lipi? Msimhukumu Bi Tausi kwa maji yale mkasahau kwamba mafuta yaliyoiponya chokoleti aliyachemsha yeye. Msimpunguze Shamsa kwa vidole visafi, ama mwende mkaitambue ndoto ile ninyi wenyewe. Na atakayemwondoa Mama Naetwe kwa sababu ya ukuta, aanze kwa kunionyesha ukuta huo umepita wapi ndani ya tunda. Wala msimpe yeyote kwa huruma. Aliahidiwa aliyeleta mti, hakuahidiwa aliyelia zaidi.

Azma, Mwanamvua, au Naetwe?

Wewe uliyekuwa unasinzia pale, amka. Mtoto ametega sikio. Sema moja, na utueleze ni kwa nini.